Nauli ya Mke wa Msomi

Ufadhili wa mume wangu ulikuwa wa mtu mmoja. Ulilipa ada ya chuo kikuu huko Uingereza, chumba, chakula, vitabu, na hata koti zito la kuvaa wakati wa baridi. Koti lile nililijua kabla halijanunuliwa, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya masharti, kwenye mstari wake peke yake. Mke hakuandikwa. Nilisoma karatasi ile mbele na nyuma nikitafuta mahali nilipo, nikajikuta nalionea wivu koti.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nasi tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tufunge ndoa kanisani Iringa. Yeye alikuwa amesoma Kampala, akarudi kufundisha shule ya kati. Mimi nilikuwa nikifundisha wasichana wadogo kusoma na kushona. Siku nilipoolewa wamisheni walinishukuru, wakanipa kitambaa cha meza, na kazi yangu ikaishia hapo, maana mwalimu wa kike akishakuwa mke wa mtu aliambiwa akapike. Mume wangu alipenda udongo kuliko kitu chochote ambacho hakipumui. Fungate yetu tuliimalizia Madibira, kwenye mbuga za Usangu, mimi nikiwa nimeshika makopo matupu ya maziwa na yeye akiyajaza udongo wa mashamba ya mpunga, akinieleza kwa nini ule mweusi ni tofauti na ule wa kijivu. Nilikuwa nampenda, kwa hiyo nilisikiliza.

Alipoitwa kwenda kusomea shahada ya uzamivu katika huo udongo wake, mimi nilibaki hewani. Kazi sikuwa nayo. Nyumba ilikuwa ya shule. Kwetu Nyololo mama alisema wazi kwamba binti aliyeolewa harudi kukaa nyumbani, watu watadhani ameachika. Likabaki jambo moja tu, niende kukaa kwa baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa Mnyakyusa aliyefiwa na mkewe, anakaa peke yake kilimani, ukishaipita Mbeya kwa njia ya kwenda Tukuyu, pale migomba inapoanza kushikana na ukungu hauondoki mpaka asubuhi imekwisha. Mume wangu alinipeleka, akakaa siku chache, akaondoka. Mimi Mhehe wa Nyololo, niliyezoea nchi kavu yenye upepo na mahindi, nikabaki kwenye majani mabichi yanayotiririka maji, na lugha nisiyoijua.

Aliyenipa sheria za nyumba ni wifi yangu, dada wa mume, aliyeolewa upande wa pili wa bonde. Wahehe nao wana adabu zao kwa wakwe, lakini hizi zilikuwa kiboko. Nisimtazame baba mkwe. Nisimsalimu wala nisijibu. Nikimwona njiani niache njia, niingie migombani au nijifiche nyuma ya mikahawa mpaka apite. Nisikae ndani ya nyumba aliyomo. Chakula nikipike, nikiweke kibarazani kwake, niondoke kabla hajatoka. Nisitaje jina lake, wala neno lolote linalofanana nalo. Hii haikuwa chuki, wala mzee hakuwa mkali. Ndiyo heshima yenyewe, na mkwe mwema alijulikana kwa wepesi wa miguu yake. Jina la mzee lilikaribiana na neno la mvua kwa lugha yao, na pale mvua ilikuwa mgeni wa kila siku, kwa hiyo wake wa ukoo ule walikuwa na neno jingine la kuizunguka. Mimi hilo halikunisumbua. Sikuwa na neno hata moja la Kinyakyusa la kuliacha.

Nilimuuliza wifi kama na kanisani ni hivyo hivyo.

"Kanisani Mungu iko katikati," aliniambia. "Lakini shingo usigeuze."

Basi nikaanza maisha ya kukimbia. Uwanja ulikuwa mmoja, nyumba mbili: yake mbele, na ya kwangu nyuma pamoja na jiko. Mzee alikuwa na kikohozi cha kuonya. Kabla hajapinda kona alikohoa, nami nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni nilikimbia nikicheka, nikijiwazia barua nitakayomwandikia mume wangu kumweleza jinsi msomi wa Iringa anavyoruka matuta ya viazi. Baadaye kicheko kilikwisha, zikabaki mbio. Ilifika mahali nikisikia kikohozi miguu inakwenda yenyewe, na mimi nafahamu kwamba nimekimbia nikiwa tayari migombani, na sindano ya kushonea bado iko mkononi.

Nilikuwa mpweke. Sijui namna ya kulisema hili kwa mapambo, na sitaki. Majirani walikuwa watu wema. Wakinikuta kisimani walisema "Mugonile," nami nikaitikia, na hapo maneno yangu yakaisha na yao yakaendelea, wao kwa wao, mpaka wamejitwika na wameondoka. Walikicheka Kiswahili changu cha shule kwa upole. Wifi alikuja mara chache, kwa kuwa naye alikuwa na watoto na mashamba yake. Siku nyingine nilisoma kwa sauti maandishi yaliyopigwa chapa kwenye gunia la chumvi, ili tu nisikie mtu anasema. Gunia lilikuwa na maneno machache, nikayarudia.

Barua za mume wangu zilikuja, lakini aliziandika kwa mafungu mawili. Kwangu aliandika kwamba ananikumbuka, kwamba theluji haina harufu, na kwamba mikate yao ni laini kama pamba. Mambo ya masomo na fedha aliyaandika kwa baba yake, kwa sababu hayo yalihesabiwa mambo ya ukoo, na ukoo ulikuwa mzee. Nilikasirika sana. Mimi ndiye niliyeyasoma masharti ya ufadhili mstari kwa mstari. Mimi ndiye niliyejua kwamba ufadhili ule ulikuwa wa miaka miwili tu, na shahada yenyewe haiwezi kumalizika kwa miaka miwili. Niliyetaka kujua atakula nini baada ya hapo ni mimi, na habari zilikuwa ndani ya nyumba nisiyoruhusiwa kuikanyaga, mfukoni mwa mtu nisiyeruhusiwa kumwuliza.

Mzee alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kukamua ni kazi ya wanaume huko, na zizi liliegemea ukuta wa jiko langu, kwa hiyo kila jioni, mimi nikiwa motoni, yeye alikuwa upande wa pili wa ule ukuta wa udongo, nikisikia maziwa yanavyopiga kibuyuni. Alikuwa akimsemesha ng'ombe yule maneno mawili matatu ya Kinyakyusa, ya kumtuliza. Jioni moja nikasikia jambo lililonifanya niache kusonga.

"Wewe ng'ombe," mzee alisema, polepole, kwa Kiswahili. "Barua imekuja. Kijana iko mzima."

Mzee huyu ujanani alikuwa amechimba dhahabu Lupa, na Kiswahili chake kilikuwa cha machimboni, cha kuhimizana na kuitana shimoni. Alisali kwa Kinyakyusa, alikasirika kwa Kinyakyusa, na ng'ombe mwenyewe alizaliwa pale pale kilimani, akasemeshwa Kinyakyusa tangu ndama. Hakukuwa na sababu duniani ya kumbadilishia ng'ombe lugha uzeeni. Nilisimama na mwiko wangu, nikatega sikio.

Akamweleza kwamba kijana amefaulu mtihani wa mwaka. Akamweleza kwamba mwalimu wake mkubwa ana furaha naye, na kwamba ule udongo wa makopo ulifika salama. Akanyamaza, kama anangoja ng'ombe ajibu. Kusema sikuweza. Nikagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, kama mtu anayekung'uta ugali. Upande wa pili nikamsikia akiguna, akarudi kwenye Kinyakyusa chake, akamaliza kukamua.

Tangu siku hiyo ng'ombe yule akawa msomi. Sidhani kama Mbeya nzima kulikuwa na ng'ombe aliyejua mambo ya chuo kikuu kama yeye. Aliambiwa maabara ni nini. Aliambiwa kwamba huko mwanafunzi mkubwa haketi darasani, anaachwa na swali lake peke yake mpaka alitatue. Mara nyingine mzee alichanganya mambo, akasema udongo unapikwa, nami nikatabasamu gizani mwa jiko langu. Sikuwahi kumcheka. Nilikuwa nikiisubiri jioni tangu asubuhi.

Ufadhili ulipokaribia kwisha, ndipo habari kubwa ikaja. Ng'ombe aliambiwa kwamba kijana amepata kazi ya usaidizi pale pale chuoni. Atawasimamia wanafunzi wadogo kwenye maabara, ataosha chupa, atasahihisha madaftari yao. Chuo nacho kitamsamehe ada na kumpa posho mpaka amalize shahada. Nilishusha pumzi, maana nilikuwa nimeogopa sana. Kisha mzee akasema jambo ambalo nalikumbuka kama alivyolisema.

"Hii posho haina maneno mengi kama ile pesa ya kwanza. Anasema mke akifika, chakula itatosha watu wawili. Nauli ndiyo hakuna."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Ndizi ziliungua, nikaziacha ziungue. Tangu jioni ile nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka mchana na usiku, nikichota maji, nikipalilia, nikikimbia: nauli.

Mzee alikuwa ameshafikiri. Alimwambia ng'ombe kwamba baraza la wazee lina mfuko wa elimu, fedha za kahawa, na kwamba yeye mwenyewe amepeleka kahawa yake miaka yote bila kuomba chochote. Ataomba. Wifi alikuja baadaye akanieleza masharti, kwa kuwa hayo hayakuweza kupitia zizini. Anayeomba ni baba wa mwanafunzi, asimame mbele ya baraza. Na mke naye aje aseme kwa mdomo wake kwamba anataka kwenda. Sharti hili lilikuwa jipya. Kabla yetu, baraza lilikuwa limemlipia mke wa mtu mwingine, akafika Dar es Salaam, akaiona meli ilivyo, akapanda gari kurudi kwao. Bwana shauri, yule Mwingereza aliyekaa na baraza, akasema kuanzia hapo mke asikike mwenyewe.

Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Wanaume walifikiri habari za fedha, mimi nilifikiri habari za meli.

Siku ya kikao nilivaa gauni langu la Iringa na viatu. Nyumba ya baraza ilikuwa ya matofali, yenye mlango mmoja mpana. Nilikaa nje na wifi, kando ya shamba la kahawa, nikisikia sauti ya mzee kutoka ndani, imenyooka, inaomba kwa Kinyakyusa. Nilijisemea kwamba hajawahi kuongea mengi hivyo hata na ng'ombe. Kisha karani akatoka, akaniita niingie.

Nilisimama. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikainamisha macho, nikaweka mguu mmoja ndani. Mzee akakohoa.

Huenda lilikuwa vumbi tu, kwani ilikuwa kiangazi na watu wengi walikuwa wameingia. Mimi sikungoja kujua. Nilipopata akili nilikuwa katikati ya mikahawa, nimeinama, nahema, na kiatu kimoja kimebaki njiani. Wifi alinifuata akiniita. Tulipogeuza kurudi karani alikuwa mlangoni, akatuambia kwamba bwana shauri amesubiri, ameuliza mara ya pili, kisha ameandika kwamba mke hakutokea, na wameingia jambo jingine. Maombi ya namna ile hayatasikilizwa tena mpaka baada ya mauzo ya kahawa.

Wanawake waliokuwa pale nje walinishangilia. Walikuwa wameona kila kitu. Mkwe kutoka mbali, Mhehe, na ameshika adabu kuliko wa nyumbani! Habari zilienea, na kwa majuma kadhaa nilisifiwa kisimani, wakinitolea mfano kwa maharusi wao. Nilitabasamu na kujitwika mtungi wangu. Nikifika nyumbani nililia, si kwa siri, maana hakukuwa na wa kumficha.

Kisha nikaanza kuwaza vibaya. Kwa nini alikohoa? Alikuwa analijua vizuri lile koo lake na kazi yake. Alikuwa na mtu wa kumpikia, wa kumchotea maji, wa kumpalilia kahawa; nikiondoka anabaki na nani? Mbele ya watu aliomba, halafu akakohoa. Niliyapindua mawazo hayo kila siku mpaka yakawa kama kweli. Zaidi ya hapo, ng'ombe hakuambiwa tena jambo lolote. Mzee alikamua kimya, akaondoka. Nilimpikia ndizi bila chumvi. Nilimpikia hivyo kwa siku nyingi, kwa makusudi kabisa, na sahani zilirudi tupu, zimelowa ukungu kibarazani. Hasira yangu haikupata mahali pa kushika. Hata kugombana naye sikuweza, na ningetoa chochote nipate kugombana na mtu.

Mume wangu aliandika kuuliza imekuwaje. Nilimwandikia kwamba nilikimbia. Jibu lake lilichelewa, na lilipofika lilikuwa limejaa habari za kemikali.

Kahawa iliuzwa. Mvua zilianza kwa nguvu. Jioni moja, nikiwa nimeacha hata kutega sikio, sauti ikarudi.

"Wewe ng'ombe. Baraza inakaa Jumanne. Mimi nitasema yangu, halafu nitatoka. Wazee nimeongea nao. Na wewe usiogope."

Kwa kitambo nilishindwa hata kugonga sufuria. Nilipogonga, yeye alikuwa ameshaondoka.

Jumanne ile ilinyesha tangu alfajiri. Tulikaa na wifi chini ya ukingo wa bati, nyuma ya nyumba ya baraza, mpaka karani alipotuzungukia akaniita. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilipoingia nilikuta migongo. Wazee wote wa baraza walikuwa wamegeuza viti na mabenchi, wakaelekea ukutani, makoti yao yananuka mvua, fimbo zao magotini. Wote walikuwa rika la mzee. Mke wa mtoto wa mwenzao ni mkwe wao pia, na mimi nilikuwa sijalijua hilo mpaka nilipoiona ile migongo. Aliyenitazama ni bwana shauri peke yake, ameshika kalamu, uso wake kama wa mtu aliyekosea nyumba.

Aliniuliza kwa Kiswahili cha serikali kama nataka kwenda Uingereza kwa mume wangu. Nikasema nataka. Akauliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hakuna. Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini akauliza, kwa upole, mzee atatunzwa na nani nikiondoka.

Dirisha lilikuwa nyuma yake. Nje, mbali, katikati ya uwanja usio na hata mti, mzee alikuwa amesimama kwenye mvua ametupa kisogo, mikono yote miwili imeziba masikio. Alikuwa ameziba asije akaisikia sauti yangu, ili mimi niwe huru kuitoa. Kofia yake ilikuwa inachuruzika. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile ya kwanza alikuwa mzee tu mwenye vumbi kooni, na zile ndizi zisizo na chumvi zikanipanda kifuani zote kwa pamoja.

"Sijui atatunzwa na nani," nilisema. "Lakini nataka kwenda."

Mgongo mmoja uliguna. Bwana shauri aliandika, akanipa ruhusa ya kutoka. Nilisimama tena chini ya bati na wifi, na karani ndiye aliyekwenda uwanjani kumgusa mzee bega kumwambia imekwisha.

Baraza lilitoa sehemu kubwa ya nauli. Iliyobaki tuliambiwa ni ya ukoo. Nilidhani ukoo utakaa vikao, kwa kuwa watu wa pale wanapenda vikao kama wanavyopenda ndizi, nikajiandaa kungoja tena. Lakini siku ya gulio nilirudi kutoka shambani nikakuta lango la zizi liko wazi, na kamba haipo. Mzee alikuwa amemswaga ng'ombe tangu asubuhi mpaka gulioni Iyunga, akamwuza kwa mfanyabiashara wa nyama. Wifi aliniletea fedha zikiwa zimefungwa kwenye leso. Alisema baba amesema ninunue viatu vya kufunika miguu yote, huko ni baridi.

Yule ndiye alikuwa ng'ombe wake pekee. Maziwa alikuwa akiyapenda sana.

Siku zilizobaki zilikuwa ngumu kuliko zote. Mzee angeweza kumsemesha kuku. Angeweza kuusemesha ukuta, au kuni. Hakufanya hivyo. Nadhani aliona aibu kuanza upya na mnyama mwingine, au labda aliona sasa hakuna la kunieleza, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kujionea. Saa ya kukamua ilipofika alikuja zizini kama kawaida, akasimama. Nami nilisimama upande wangu, mkono kwenye ukuta. Nilikuwa na Kiswahili chote cha dunia na nilikuwa mwalimu. Nilitaka kumwambia asante, na kwamba sitasahau, na kwamba wifi amekubali kumleta binti yake mkubwa aje kumpikia. Nilimheshimu, na pale heshima ilikuwa ni kunyamaza, kwa hiyo nikanyamaza. Nilimpikia vizuri. Nilitia chumvi.

Siku ya safari alikwenda shambani mapema kabla hapajapambazuka vizuri, ili uwanja ubaki wangu na nitoke nikitembea, si nikikimbia. Wifi alinibebea sanduku mpaka barabarani.

Basi lilishuka Mbeya, likachukua watu, likaingia vumbi la kwenda Iringa. Nyololo lilisimama kidogo tu. Mama alikuwa pale kando ya barabara tangu asubuhi na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, akanisemesha kwa Kihehe, na nilipomsikia akisema "Kamwene" nilishindwa kuitikia mara ya kwanza, nilikuwa nimelisahau koo langu mwenyewe. Aliniuliza kama wakwe walinitendea vema. Nikamwambia walinitendea vema sana. Aliniuliza mzee ni mtu wa namna gani, lakini dereva alikuwa ameshapiga honi. Iringa nililala kwa wamisheni, na jioni nikapita nje ya ile nyumba yetu ya shule. Kulikuwa na pazia la watu wengine na mtoto analia ndani. Nilisimama kidogo, nikaona sina ninachokingojea pale, nikarudi. Baada ya hapo ni gari, treni, meli na kutapika, na hayo kila aliyesafiri enzi zile anayajua.

Mume wangu alinipokea stesheni. Koti nililitambua kabla yake. Alikuwa amekonda, na alikuwa anaongea haraka kuliko zamani, kana kwamba kuna mtu anangoja azime taa. Alishika sanduku langu na mkono wangu. Njiani alinieleza kwamba ameomba fedha nyingine kwa shirika jingine, za kumalizia utafiti, na kama wakikubali tutapata chumba chenye jiko; akaeleza habari za maabara, za udongo wa Madibira ambao umewashangaza wenzake. Nilikuwa nimeyasikia mengi, kwa Kiswahili cha Lupa. Nilifurahi kumwona. Nilifurahi mpaka nikawa sisikii vizuri.

Kisha akapunguza mwendo. Akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto wa mtu, "Na baba anaonekanaje siku hizi? Amezeeka sana? Nywele zimekuwa nyeupe?"

Nilimtazama nikingoja acheke. Yeye akanitazama akingoja nijibu.

"Sijui," nilimwambia. "Sijawahi kumwona uso."

"Umekaa naye muda wote huo," alisema, "hujamwona?"

Kisha akakumbuka. Nilimwona akikumbuka, aliweka sanduku chini, akashika paji la uso, akaniomba radhi, akasema kazi zimemzidi, hata usingizi hapati. Nilimwambia si kitu, na nilimsamehe pale pale, kwa sababu hakuwa amenikosea. Tulisimama kidogo, watu wa huko wakitupita. Nilikuwa nimetoka mbali hivyo ili nifike kwa mtu ambaye sitahitaji kumweleza maisha yangu. Mtu wa namna hiyo alikuwepo. Nilikuwa nimemwacha kilimani, na sura yake siijui mpaka leo.